Sinema ya Wakaliga Nyumbani Kwetu

Toleo lililopita la gazeti letu lilijaa mambo mema. Tulisoma habari za mpira, za shamba la migomba, na za mdahalo ambao upande wetu ulishindwa (mimi nilikuwa msemaji wa pili, kwa hiyo sitaki kueleza zaidi). Lakini sikuona mahali popote mtu aliyewashauri wenzake jinsi ya kukaa na watu wa nyumbani wakati wa likizo. Jambo hili si dogo. Sisi wa bweni twakaa hapa Kahororo miezi mingi, na wazazi twawaona mara moja moja. Tukifika nyumbani, siku ya kwanza twaulizwa habari za masomo. Siku ya pili twapewa jembe. Siku ya tatu mazungumzo yamekwisha, kila mtu ameinamia simu yake, na mzee wa nyumba amebaki akiongea na paka.

Kwa sababu hiyo naomba nafasi niwasifie sinema moja ambayo nilitazama na watu wa kwetu Kamachumu likizo ya Desemba. Jina lake ni Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimwua Kapteni Alex? Ni sinema ya mapigano na ya kuchekesha kwa pamoja, nayo haina mchezaji mmoja mkubwa anayebeba kila kitu. Mtaa mzima umo ndani yake. Ilitengenezwa mwaka 2010 huko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Kampala. Tukipima njia, Wakaliga ni jirani yetu kuliko Dar es Salaam. Abiria akivuka Mutukula asubuhi, jioni yuko Kampala; mwenzake aliyepanda basi la Dar es Salaam bado anauliza tumefika wapi.

Habari zake nalizipata kwa baba mdogo, ambaye ni fundi wa simu mjini Bukoba. Nalipofunga shule nilipitia kwake kulala usiku mmoja, nikamkuta anacheka peke yake kibandani, machozi yanamtoka. Nikamwuliza kulikoni. Akanionyesha vijana wa Kiganda wakifyatua bunduki za kuchonga, huku sauti ya mtu asiyeonekana ikiwasifu na kuwatania. Nilitazama dakika kumi tu, nikamwomba anisaidie niifikishe nyumbani. Akanipa simu yake ya zamani, sinema ikiwa imehifadhiwa humo tayari, pamoja na waya wa kuunganisha na televisheni. Hapa nawashauri wenzangu: ihifadhini kwenye simu mkiwa mjini kwenye mtandao wa bei nafuu, kwa maana inachukua saa moja na dakika chache, na bando la kijijini laweza kwisha kabla Kapteni Alex hajafa. Hakuna wizi katika jambo hili. Watengenezaji wenyewe waliiweka YouTube mwaka 2015 ili kila mtu aitazame bure, na tangu hapo imetazamwa mara mamilioni duniani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Baba. Baba haamini sinema. Kwake yeye sinema ni mlango wa uhuni, na mtoto anayesoma mchepuo wa sayansi hana wakati wa kuingia mlango huo. Nikamweleza kwa adabu kwamba Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliigiza katika sinema miaka ya mwanzo ya 1950, na mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu. Baba akanyamaza kidogo, akaniangalia kutoka miguuni hata kichwani, akasema, "Wewe si Kawawa." Lakini hakukataa tena. Akavuta kiti.

Basi jioni ile tulikuwa sebuleni watu wanane: Baba, Mama, wadogo zangu watatu, jirani mmoja aliyekuja kuazima chepe akakaa, mimi, na Bibi, mama yake Baba. Ulikuwa msimu wa senene, na Mama alikuwa amekaanga ungo mzima. Bibi hali senene tena kwa ajili ya meno, ila alikuwa na kahawa yake ya kutafuna kwenye kitambaa, akiinyonya polepole kama desturi yake.

Hadithi ya sinema ni fupi. Kapteni Alex ni komando hodari wa jeshi la Uganda, na ametumwa kuliangamiza genge liitwalo Tiger Mafia, ambalo mkubwa wake ni Richard, mtu mkali mwenye kelele nyingi. Makomando wanamkamata ndugu yake Richard. Richard anaapa kulipa kisasi. Kisha Kapteni Alex anakutwa amekufa, na hakuna ajuaye ni nani aliyemwua. Hapo ndugu yake Alex, bingwa wa kung fu aitwaye Bruce U, anatoka kwenda kumtafuta mwuaji. Tokea hapo ni mateke, risasi, watu kuruka juu ya matofali, na mwisho helikopta inayotumwa kuushambulia mji wa Kampala. Alex ni Kakule William, Richard ni Sserunya Ernest, na Bruce U ni Bukenya Charles, ambaye hata nje ya sinema huwafundisha vijana wa mtaa mchezo huo wa mateke. Wengine ni majirani. Mtu anayekufa katika dakika ya ishirini waweza kumwona tena dakika ya arobaini amevaa shati jingine, amefufuka, anakufa upya kwa moyo ule ule.

Sasa, kitu kinachoifanya sinema hii iwe tofauti ni sauti ile niliyoitaja. Katika vibanda vya video vya Uganda kuna mtu aitwaye VJ, ambaye hukaa karibu na spika akiwa na kipaza sauti. Sinema ya kigeni ikichezwa, yeye hutafsiri maneno, na asipoelewa hubuni, na pale ambapo waigizaji wamenyamaza huweka maneno yake mwenyewe. Huku Tanzania pia tulikuwa na watu wa kazi hiyo. Wapenzi wa vibanda wanamkumbuka Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Mukandala, aliyezitia sinema za kigeni katika Kiswahili hata watu wakatafuta mikanda kwa ajili ya sauti yake. Katika Kapteni Alex kazi hiyo anaifanya VJ Emmie, naye haitafsiri sinema ya Wazungu, anaisindikiza sinema ya nyumbani kwao. Anamsifu kila komando kama baba amsifuye mwanawe kwenye arusi. Anatangaza mapigano kabla hayajaanza. Mtu akianguka vibaya, anamcheka. Sinema ikipooza kidogo anawaahidi watazamaji kwamba mambo yanakuja, nayo yanakuja.

Na sauti hiyo haiwezi kuondolewa. Mtengenezaji, Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, hakuwa na nafasi ya kutosha katika kompyuta yake. Alipotaka kuanza sinema nyingine ilimlazimu kufuta ile ya kwanza. Zikabaki nakala zenye sauti ya VJ peke yake. VJ Emmie amekwisha koroga chumvi yake mchuzini, hakuna awezaye kuitoa.

Naomba niseme habari kidogo za huyu Bwana Nabwana, kwa sababu zitawafaa wale wenzetu wanaosema kwamba kitu fulani hakiwezekani kwa kuwa shule haina vifaa. Hakusoma chuo cha sinema. Alikuwa mfyatua matofali. Alipokuwa mtoto hakupata kwenda kutazama sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, kisha wakarudi kumsimulia, naye akaziona kichwani. Kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipande vya kompyuta nyingine. Bunduki za sinema zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu, na mkono mkubwa katika kazi hiyo ni wa fundi aitwaye Dauda Bisaso. Damu, hapo mwanzo, ilikuwa ya ng'ombe, mpaka mwigizaji mmoja akaugua, ndipo wakatumia rangi ya chakula. Inasemwa gharama yote ya Kapteni Alex haikufika dola 200 za Kimarekani. Ilipokwisha, hawakuwa na jumba la kuionyesha, hivyo waigizaji wenyewe walitembea nyumba kwa nyumba wakiuza nakala. Fikiri umefungua mlango asubuhi, na komando aliyeuawa amesimama hapo akikuuzia kifo chake!

Kutoka hapo jina la Wakaliga lilikwenda mbali. Sinema yao nyingine, Bad Black, ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Austin, Marekani, mwaka 2016, na Crazy World ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2019. Mimi hizo nimezisikia tu, kwa hiyo sizisifu. Nasifu niliyoiona.

Turudi sebuleni. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba katika nyumba yetu hakuna mtu mmoja aliyeielewa sinema yote, na bado wote walicheka. Waigizaji wanasema Kiganda. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na VJ Emmie naye anasema Kiingereza. Wadogo zangu walielewa mateke. Mimi nilielewa maandishi na VJ. Bibi, kama wazee wengi wa pande zetu, anakijua Kiganda tangu zamani, kwa ajili ya biashara na kanisa, basi yeye aliwaelewa waigizaji wenyewe. Ikawa mimi namtafsiria Bibi maneno ya VJ kwa Kihaya, na Bibi ananisahihisha maandishi. "Hakusema hivyo," aliniambia mara mbili au tatu. "Huyo aliyeandika amempunguzia matusi." Baba akajifanya hakusikia.

Haukupita muda nikaona nimekwisha kuwa VJ. Nilikuwa nimesimama kando ya televisheni, nikiongeza chumvi yangu. Komando mmoja mwembamba nilimpa jina la mwalimu wetu wa zamu wa shule ya msingi. Bruce U alipopiga watu watano nilisema hao ndio waliokula senene wa Mama bila ruhusa, na wadogo zangu wakaficha mikono. Jirani aliyekuja kuazima chepe alicheka hata akalala chini. Na Baba, ambaye si mtu wa kucheka mbele ya watoto, alitoa kitambaa akajifanya anapenga kamasi. Sikumbuki jioni nyingine kama ile nyumbani kwetu tangu nianze kidato cha kwanza.

Kisha ikaja helikopta.

Mtu akiitazama kwa macho ya kawaida, ni kitu cha kuchekesha sana. Imechorwa kwa kompyuta, inayumba juu ya paa za Kampala, inatupa moto, na majengo yanapasuka. Mimi nalikuwa nikijiandaa kusema neno la mzaha, nimekwisha fungua kinywa. Bibi akasema, "Zima."

Hakusema kwa sauti kubwa. Nikadhani anataka maji. Akasema tena, "Zima hiyo." Nikaizima. Kahawa yake ilikuwa imeanguka sakafuni, naye hakuiokota.

Sisi wa Kagera twasoma darasani habari za vita vya 1978 na 1979. Twajua kwamba mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilikuja kutupa mabomu Bukoba. Twajua kwamba majeshi yake yalivuka mpaka yakaiteka nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa, mpaka majeshi yetu yalipowarudisha nyuma, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika mtihani mimi nilipata alama nzuri sana kwa swali hilo. Vitabu vyasema kwamba yale mabomu ya Bukoba hayakuleta hasara kubwa, ila vioo vilivunjika na watu wakashikwa na hofu.

Bibi alikuwa mmoja wa watu hao walioshikwa na hofu. Jambo hili nilikuwa nalijua na silijui. Nalijua kwamba Bibi na Babu waliwahi kukaa mjini kabla ya kurudi Kamachumu, na kwamba Baba alizaliwa huko. Sikuwahi kuuliza kwa nini walirudi. Usiku ule, televisheni ikiwa nyeusi, alitueleza kwa maneno machache. Alikuwa uani anaanua nguo. Sauti ilikuja kwanza, na baadaye ndipo akaiona ndege. Vilima vilirudisha mshindo hata hakujua bomu limeanguka upande gani, na kwa sababu hiyo hakujua akimbilie wapi. Alimfunga Baba mgongoni kwa shuka iliyokuwa bado mbichi, akashika njia ya Muleba kwa miguu pamoja na watu wengine wengi. Shuka ilimkaukia Baba mwilini. "Hakulia njia nzima," Bibi alisema, "nikafikiri amekufa, nikaogopa kumshusha nitazame."

Baba alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti alichokivuta, kichwa amekiinamisha. Niligundua kwamba naye alikuwa anaisikia habari ya ile shuka kwa mara ya kwanza.

Bibi akaenda kulala. Jirani akaaga, akasahau chepe. Mimi nilibaki nakunja waya. Baba hakunikemea, nami ningefurahi kama angenikemea. Alisema tu, "Ulijua ni sinema ya askari wa Uganda, na wamo na ndege. Hukumfikiria?" Sikumfikiria, huo ndio ukweli. Nilikuwa nimewaza umeme, nimewaza bando, nimewaza hata jinsi ya kumshinda Baba kwa habari za Kawawa.

Asubuhi niliamka mapema nikaenda kufagia uani kabla Bibi hajatoka, nikifikiri nitamwomba radhi. Nikamkuta amenitangulia, amekwisha fagia nusu. Nikamwamkia. Akaitikia, akaendelea kufagia, kisha akasimama akiegemea fagio.

"Yule askari," akasema. "Nani alimwua?"

"Yupi, Bibi?"

"Yule mkubwa wao. Mwenye jina la Kizungu."

Nikamwambia sijui, hatukufika mwisho. Akaniuliza mbona hatukufika mwisho. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyesema nizime. "Nilisema uzime ndege," akajibu. "Sikusema uzime mambo yote."

Basi tukafanya mapatano. Jioni tutaianza tena mahali tulipoachia. Bibi atakaa jikoni mpaka ndege ipite, na mimi nitamwita. Ikawa hivyo, na siku hiyo watu waliongezeka, kwa maana jirani alirudia chepe lake akiwa na mke na watoto. Nilipokuwa nasimamia kipande cha helikopta, bila kusema neno lolote la mzaha safari hii, nikasikia kiti kinasogea nyuma yangu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mkono juu ya kizingiti.

"Hiyo ndiyo ndege?" akauliza.

"Imechorwa tu kwa kompyuta, Bibi. Hakuna ndege."

Akaitazama muda mrefu, jinsi atazamavyo mtu kitambaa sokoni akitafuta kasoro. "Moto wenyewe hauko hivyo," akasema. "Na moshi wake ni mchache." Akaja akaketi mahali pake.

Tokea hapo nilimweleza habari za Wakaliga zote nilizopewa na baba mdogo: matofali, bunduki za mbao, kompyuta ya vipande. Alifurahi zaidi niliposema kwamba kampuni ya Bwana Nabwana yaitwa Ramon, na kwamba jina hilo ameliunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Akaniuliza mimi nitakapofungua kampuni itaitwaje. Nikajibu kwamba nasoma sayansi. Akasema hata hospitali huwa na jina.

Mapigano ya mwisho ni marefu, na nadhani yangeweza kupunguzwa robo. VJ Emmie mwenyewe hapo anachoka kidogo, ingawa hawezi kukubali. Lakini kosa kubwa la sinema hii, au werevu wake mkubwa, sijaamua, ni kwamba inakwisha bila kusema nani alimwua Kapteni Alex. Mji umeharibika, nchi imewekwa chini ya amri ya jeshi, maandishi ya mwisho yanapanda, na swali lililoandikwa kwenye jina halijajibiwa. Sebule ikajaa makelele. Mama alisema ni Richard, nani mwingine. Jirani alisema Alex hakufa, amejificha, na katika sinema ijayo atatokea. Mdogo wangu wa mwisho alisema ni VJ. Baba, aliyekuwa haamini sinema, alitutaka turudi nyuma tutazame tena pale alipokutwa amekufa, akahesabu kwa vidole kila mtu aliyekuwa karibu. Bibi alisubiri wote wamalize, akasema ni mlinzi wake. "Mtu mkubwa huuawa na mwenye kushika mlango," akasema, na hakutaka kupingwa.

Nawaomba basi wenzangu mwitafute sinema hii likizo ya Juni. Wazazi mnaosoma kurasa hizi, msiogope. Damu ni rangi ya chakula, na bunduki zingevunjika mtu akizikalia. Ila wadogo sana wasiachwe peke yao nayo, na VJ ana mzaha mmoja mmoja wa watu wazima ambao mtafsiri mwenye adabu ataupitia kwa kikohozi. Itazameni watu wote pamoja, na mmoja wenu asimame awe VJ, kwa lugha yoyote inayosemwa hapo nyumbani. Na ninyi mnaotoka Missenyi, Kyaka na Bukoba mjini, hata sisi wa Muleba tulio na wazee waliofika huko kwa miguu, waelezeni kabla hamjawasha kwamba mna sinema ya askari, na kwamba kuna ndege. Waulizeni walikuwa wapi mwaka 1978. Mimi nilifanya kinyumenyume.

Simu ya baba mdogo niliirudisha Januari nilipokuja kufungua shule. Mwezi wa Machi Baba alifika kunitembelea. Aliniletea daftari, sabuni, na kopo la senene wa kukaanga waliohifadhiwa tangu Desemba, ambao hawakumaliza saa moja bwenini. Aliniuliza habari za fizikia, nikamweleza. Kisha akakohoa, akatazama pembeni, akaniambia kwamba Bibi ametuma neno. Amefikiri tena. Si mlinzi, ni mtu wa nyumbani mwake kabisa, na kama nina njia ya kumwandikia yule mfyatua matofali wa Kampala, nimwulize, kisha nimletee jibu kabla hajafa.

Baba akaondoka akafika karibu na lango, akarudi. "Na mimi," akasema, "mwambie mimi bado nasema ni Richard."